Gobori la babu limeshuka ukutani: ni la wapi, na linatengenezeka?

Mtoto wa Wete
Assalaam alaykum wakubwa na wadogo. Nina suala kwa wenye kujua vyuma. Nyumbani kwetu Wete kuna gobori lilitundikwa juu ya mlango wa ukumbi tangu hatujazaliwa. Marehemu babu akisema ni la babu yake, na hapo ndipo hadithi inapokwisha. Sasa nyumba inaezekwa upya, na gobori limebidi lishushwe.

Nikilisimamisha linanifika kifuani. Chuma kimeota kutu, mti umepasuka karibu na mtambo, na pale penye ufa pamezongwa waya wa shaba. Mtambo umeinama kama shingo ya mbuzi anayekunywa maji. Nikiuvuta nyuma kidogo unakamata, lakini nikibonyeza kifyatulio hautoki. Ami yangu kasema lisuguliwe na msasa, litiwe mafuta, "litalia tu hilo." Nataka kujua ni la namna gani, la lini, na kama lina kutengenezeka. Picha siweki hadharani.

Kipanga Darajani
Wapigie polisi kabla wao hawajakupigia. Mie nimemaliza.

Ngalawa ya Nungwi
Hilo litakuwa la Mreno hilo! Uza kwa watalii Mjini, jenga nyumba ya pili.

Fundi wa Malindi
Waalaykum salaam. Mtoto wa Wete, kwanza ondoa kidole kwenye kifyatulio. Kisha nijibu jambo moja kabla ya mafuta na msasa wa ami yako: limeshindiliwa au tupu?

Usiseme "lazima liwe tupu, limekaa miaka yote hiyo." Magobori mengi yalitundikwa yakiwa yameshindiliwa, kwa sababu mwenye nyumba alitaka liwe tayari usiku akija mwizi au nguruwe akiingia muhogoni. Mwenyewe akafa, wajukuu wakaona pambo. Baruti nyeusi haiharibiki kwa umri. Ikikaa kavu ndani ya kasiba, yaani lile bomba la chuma, miaka mia si kitu kwake, na cheche moja ya msasa au ya drili yatosha. Maji huiua kwa kuyeyusha shura iliyomo, lakini huwezi kujua yamefika wapi, kwa hiyo usijidanganye eti tulimwagie maji basi.

Kupima ni hivi. Lilaze, mdomo uelekee upande usiokuwa na mtu wala nyumba ya jirani. Usikae mbele ya mdomo hata kwa dakika. Chukua ufito mwembamba wa mti, usiwe wa chuma, na usiutumie mdeki wake wa chuma, ule wa kushindilia, kama bado upo. Uingize taratibu mpaka ugote wenyewe, usiusukume. Tia alama pale mdomoni. Utoe, uulaze juu ya kasiba kwa nje, alama ikae sawa na mdomo. Ncha ya ufito ikifika usawa wa mtambo, pale baruti inapowashiwa, kasiba ni tupu. Ikiishia njiani, mna kitu mle. Ikiwa hivyo, usifanye chochote, rudi hapa.

Kuhusu kifyatulio kisichotoka, pengine si kibovu hata kidogo. Ndani ya mtambo mna kipande cha duara chenye kata mbili. Kata ya kwanza ni ya nusu, na ni ya kina makusudi, jino likiingia mle kifyatulio hakilitoi. Hapo ndipo mtu alipokuwa akiliweka gobori lake anapotembea nalo. Kata ya pili ni ya kufyatua. Umesema umeuvuta "kidogo" na ukakamata. Basi mtambo unafanya kazi yake, na ukiendelea kuulazimisha utavunja ncha ya jino, kisha ndiyo utakuwa mbovu kweli.

Maalim Mstaafu
Ngalawa ya Nungwi, Mreno usimzulie. Bunduki za zama zake hapa zilikuwa za mrao: utambi unaowaka umebanwa kwenye mkono wa chuma, ukibonyeza unashuka kwenye kisahani cha baruti. Za Wareno tulizonazo ni ile mizinga ya shaba ya Beit al-Ajaib, yenye nembo yao na maandishi yaliyoongezwa baadaye na Waajemi walioiteka Hormuz mwaka 1622. Gobori la ukutani Pemba ni habari ya karne ya 19, na habari yake nzuri zaidi imo katika mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa tarehe 21 Septemba 1833.

Watu wanaukumbuka mkataba ule kwa pembe na nguo za merikani. Mna kifungu kinachosema Mmarekani auze na anunue atakavyo, ila bunduki, baruti na risasi. Hizo kisiwani Unguja asiuze kwa mtu yeyote isipokuwa serikali ya Sultani. Katika bandari zake nyengine zote, ruhusa, na auze kwa atakayetoa bei kubwa kuliko wote. Yaani Sayyid alitaka bunduki asizozijua zisikae karibu na jumba lake, lakini ushuru wa bandari nyengine hakuukataa. Ukikisoma hivyo hutashangaa kuona gobori Wete.

Mtoto wa Wete
Nimepima kama ulivyosema, Fundi. Ufito umeishia njiani. Ukiulaza kwa nje, umepungukiwa na mtambo kama shubiri moja. Nimeutoa na una vumbi jekundu nchani.

Ami anasema ni nyigu tu wamejenga udongo.

Fundi wa Malindi
Ami anaweza kuwa sawa. Nyigu wa udongo wanazipenda sana kasiba, na vumbi jekundu ni dalili yao. Lakini nyigu hajengi mpaka chini, hujenga popote palipomfaa, na chini yake huenda mna matambara, risasi na baruti vilivyoshindiliwa na babu yake babu. Vumbi haliwezi kukwambia kilichoko nyuma yake. Shubiri nzima ni nafasi kubwa.

Kwa hiyo kuanzia sasa hilo ni gobori lililoshindiliwa. Lilaze palepale, mdomo uelekee shamba, watoto watoke. Mwite sheha, na sheha awaite polisi waje walichukue wao na mtu wao wa silaha. Usilipakie kwenye daladala ukalipeleka mwenyewe, nakuomba. Kipanga Darajani kasema kweli kwa maneno machache kuliko yangu.

Kipanga Darajani
Nimesikia, nimefurahi.

Mwanasheria wa Vuga
Naongeza kidogo. Msidhani gobori si silaha kwa sababu ni kuukuu. Kumiliki silaha bila leseni ni kosa, na Polisi ni jambo la Muungano, kwa hiyo hili si suala la kumalizana na mzee wa mtaa. Miaka ya karibuni Wizara ya Mambo ya Ndani imetangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, lakini usisubiri tangazo. Mtu anayekwenda mwenyewe na kusema "nimeikuta, ni ya marehemu" si sawa na anayekutwa nayo. Ukishuhudiwa na sheha ni bora zaidi. Omba upewe hati ya kuipokea, na humo humo omba iandikwe kwamba familia inaitaka kama kumbukumbu.

Kombo wa Konde
Mimi natoka nje ya mada kidogo. Naona video za wazungu wanajaza risasi zao wenyewe nyumbani mezani, na wana bunduki wanaitengeneza mpaka inapiga kitundu kimoja. Je, hiyo ndiyo kazi ya gobori au ni kitu chengine?

Mzenji Toronto
Kombo, hapo umenigusa. Mimi kwetu Mkunazini, niko Kanada miaka mingi, nina leseni ya silaha na ni mwanachama wa uwanja wa shabaha. Kujaza risasi zako mwenyewe kwa matumizi yako huku ni halali. Huko nyumbani ganda moja la risasi mfukoni ni kesi, kwa hiyo ninachosema ni cha kusoma, si cha kujaribu.

Nina Lee-Enfield No. 4, ya risasi ya .303. Babu zetu waliokuwa KAR, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki, wanaujua ukoo huu. Mtutu wake una mifuo mitano iliyochongwa kwa ndani, inazunguka kwa mkono wa kushoto, mzunguko mmoja kamili kila inchi 10. Ule mzunguko unaipa risasi msokoto, na msokoto unaizuia isipinduke angani. Gobori halina mifuo. Ndani ni laini, na risasi ni tufe dogo kuliko kasiba, linatoka linagongagonga kuta. Zaidi ya mita mia ukimpata uliyemlenga ni bahati yako, au msiba wake.

Sasa kujaza. Risasi ya kisasa ina vitu vinne: ganda la shaba ya manjano, fataki ya kuwashia kitakoni, baruti, na risasi yenyewe mdomoni. Ukipiga, vitatu vinakwenda, ganda linabaki, na ganda ndilo ghali. Basi unaliokota. Lakini si lile tena: moto umelipanua likashika umbo la chumba cha bunduki yako, na limerefuka kidogo. Unalipitisha kwenye kalibu ya chuma kwa mkono wa mashine, linabanwa kurudi umbo lake, fataki iliyokufa inasukumwa nje. Unapima urefu, likizidi unalikata. Unatia fataki mpya. Unapima baruti kwa mizani, unamimina, unakaza risasi mdomoni kwa urefu uleule kila mara.

Lee-Enfield ina ugonjwa wake. Kufuli lake, yaani chuma kinachofunga nyuma ya risasi, linashika kwa nyuma, na chumba chake kilichongwa kwa ulegevu wa vitani ili risasi yenye matope iingie tu. Kwa hiyo ganda la .303 linanyooka vibaya karibu na kitako. Ukilibana lote kila mara, baada ya kupigwa mara chache linakatika pale pale, kitako upande huu na mwili umebaki chumbani. Dawa yake ni kubana shingo tu, mwili uuache na umbo la chumba cha bunduki ile ile. Na unachukua waya mwembamba uliopindwa ncha, unapapasa ndani ya ganda. Ukihisi kijifereji karibu na kitako, tupa.

Mizani tunayotumia inapima kwa grein. Gramu moja ni kama grein 15.4, na mizani inasoma mpaka sehemu ya kumi ya grein. Vipimo havitoki kichwani wala kwa jirani, vinatoka katika kitabu cha waliotengeneza baruti, na unaanzia chini. Fataki ikitoka imelalia bapa au kufuli likiwa zito kufunguka, unasimama hapo. Hatari kubwa kuliko zote si mlipuko mezani, ni kumwaga baruti mara mbili katika ganda moja kwa sababu mtu alikuja kukusalimia. Mimi nikijaza, mlango nafunga, simu nje. Trei yote naimulika tochi kabla sijakaza risasi hata moja.

Na Kombo, kile kitundu kimoja cha video huwa hakitokani na baruti nyingi. Kinatokana na kila risasi kufanana na mwenziwe. Kazi yenyewe ni daftari na mizani, mke wangu anasema ni uhasibu wenye harufu mbaya.

Kombo wa Konde
Na ile kutengeneza bunduki yenyewe?

Mzenji Toronto
Sehemu kubwa ni baina ya chuma na mti. Mtutu unatikisika kila risasi inapopita. Ukitikisika vilevile kila mara, risasi zinakwenda mahali pamoja. Mti ukiugusa leo hapa na kesho pale kwa sababu umevimba kwa unyevu, zinatawanyika. Bunduki nyingi za siku hizi mtutu unaachwa huru, haugusi mti kabisa, unapitisha karatasi chini yake kutoka mdomoni mpaka kwenye chumba kuhakikisha. Lee-Enfield hii ni kinyume: mti umetengenezwa uusukume mtutu kidogo kwenda juu karibu na mdomo. Mtu akijitia fundi wa kisasa akauchonga mti ili mtutu uwe huru, mara nyingi anaiharibu. Nimeziona kadhaa zinauzwa bei ya kutupa kwa sababu hiyo.

Fundi wa Malindi
Mzenji umesema jambo nililokuwa nalitafutia pa kuliweka. Kila chombo kina utaratibu wake wa asili, na ufundi ni kuujua kwanza.

Mwiko mwengine, maana najua kuna mtu anasoma hapa na ana la kwake darini: baruti ya risasi za kisasa haiingii katika gobori, hata kidogo, hata "nusu kipimo." Ile isiyo na moshi aliitengeneza Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, na shinikizo lake silo lililokusudiwa na mhunzi wa kasiba hizi. Kasiba inapasuka pale mkono wa kushoto unaposhika.

Mtoto wa Wete
Wamekuja na sheha. Afisa mmoja alilikagua palepale bila kulinyanyua, akakubali kwamba halijulikani kama ni tupu, wakalifunga na kuondoka nalo. Nimepewa hati. Wametutendea kwa ustaarabu, ami ndiye aliyetaka kubishana.

Kabla hawajaja nilimulika kwa tochi upande wa kushoto wa kasiba, karibu na mtambo, bila kuligusa. Kuna alama ya yai, ndani yake herufi E, L, G, na chini yao kinyota. Na kwenye bamba la mtambo kuna madoa mawili ya mviringo, kama tundu zilizozibwa.

Fundi wa Malindi
Hapo sasa umenipa kazi ninayoipenda.

Yai lenye ELG ni alama ya nyumba ya majaribio ya Liège, Ubelgiji. Kila kasiba ilipigwa pale na baruti nyingi kupita kawaida, ikisalimika ikagongwa muhuri. Muhuri huo ulianza mwanzoni mwa karne ya 19. Jiangalie umeona taji juu ya yai au hakuna? Taji liliongezwa mwaka 1893. Kama halipo, kasiba ilipita pale kabla ya hapo.

Tundu zilizozibwa ndizo zenye siri kubwa zaidi. Gobori lako halikuzaliwa hivyo lilivyo. Lilikuwa gumegume. Kwenye bamba lile palikuwa na kisahani cha baruti na ulimi wa chuma wenye springi yake, vyote vimefungwa kwa skrubu. Jiwe lilikuwa limebanwa kwenye mtambo, likiupiga ule ulimi linaukwangua, na zile cheche ni vipande vya chuma cha ulimi vinavyowaka. Jiwe haliwaki. Ndiyo maana ulimi ulitakiwa uwe mgumu kwa juu, na mafundi waliufunga ndani ya kasha pamoja na mkaa wa mifupa na ngozi, wakalichoma kasha kwa saa kadhaa, kisha wakauzamisha majini. Ulimi ukilainika, gumegume linabonyeza tu bila cheche.

Kisha zikaja fataki. Aliyeanza mambo yale ni kasisi wa Scotland, Alexander Forsyth, mwenye hataza ya 1807, mpenda kuwinda ndege aliyeona ndege wanaruka wakiona mwako wa kisahani kabla marisaa hayajafika. Kikombe kidogo cha shaba cha kuvisha juu ya kitundu kilifuata baadaye. Majeshi ya Ulaya yalipohamia fataki, gumegume kwa maelfu zikakosa kazi. Wafanyabiashara wa Liège wakazinunua, wakang'oa kisahani na ulimi, wakaziba tundu, wakatia mtambo mpya wa kupiga fataki, wakazipakia meli za Afrika. Tundu zako mbili ni makovu ya operesheni hiyo.

Mtoto wa Wete
Taji sikuliona, na nilitazama vizuri.

Maalim Mstaafu
Basi nami natia ushahidi wangu, japo mwepesi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingiza silaha katika eneo lote la Afrika baina ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, visiwa vyetu vimo. Mlango uliouacha wazi ni kwa gumegume zisizo na mifuo na baruti ya kawaida, tena kwa usimamizi wa serikali. La fataki halikuwemo. Kwa hiyo kama lilikuja likiwa tayari limegeuzwa, na kwa njia halali, lilishuka pwani kabla ya mkataba huo kuanza kazi. Kama liligeuzwa hapa na mhunzi wetu, hoja yangu inaanguka.

Fundi wa Malindi
Mhunzi wetu angeziba tundu kwa ribiti na zingeonekana zimepigwa nyundo. Mtoto wa Wete akiliona tena, atazame kama zimesawazishwa na bamba. Za Ulaya huwa zimekwanguliwa kwa tupa mpaka zikabaki rangi tu.

Ngalawa ya Nungwi
Na likirudi, kutu tulitoe kwa ndimu? Mie visu nafanya hivyo.

Fundi wa Malindi
Ndimu, siki, soda, zote marufuku. Asidi inakula kutu na inakula muhuri wa ELG pamoja nayo, na bila muhuri una bomba. Stili waya ya masufuria pia hapana.

Kutu jekundu linaloshika kidole ndilo la kuondolewa. Loanisha na mafuta ya taa, liache usiku, kisha sugua na kipande cha shaba au mfupa wa ng'ombe uliochongwa, usitumie chuma. Ile rangi ya kahawia iliyotulia chini iache. Ndiyo ngozi yake sasa, na inakinga. Ndani ya kasiba, wakishalitoa walilolikuta mle, sabuni na maji ya moto, maana masizi ya baruti nyeusi yana chumvi zinazovuta unyevu, na kwetu hapa upepo wa bahari unaongeza ya kwake. Kausha mpaka liwe joto mkononi. Mafuta ya cherahani kidogo, kisha nta.

Mafuta ya nazi yasikaribie. Yanaganda, yananata, yanakusanya vumbi.

Mti usipakwe vanishi. Kagua tundu za fukusi kwanza, na ule waya wa shaba usiuondoe hata kama fundi seremala atakwambia anaweza kuziba ufa usionekane. Aliyeuzonga alikuwa babu yako au babu wa babu yako.

Mtoto wa Wete
Polisi wamesema nirudi wiki ijayo. Ami kauliza kama wakilipasua ndani wakakuta ni nyigu, nani atamlipa.

Kipanga Darajani
Nyigu.

Mwanasheria wa Vuga
Ukienda, chukua kitambulisho, ile hati, na barua ya sheha. Na uliza mapema, kabla hawajaamua, kama linaweza kuzibwa lisipige tena na kukabidhiwa Makumbusho kwa jina la familia. Hilo ni rahisi kuliko kuomba lirudi Wete.